Matema, kwa nani?

Ufukweni Matema, mama kakaa kwenye kiti cha plastiki ambacho miguu yote minne imezama mchangani, sweta kavaa na joto lile la Kyela, kibegi kakipakata, na Ziwa Nyasa lote kalipa kisogo.

Nyuma yake kuna maji ya bluu mpaka macho yanachoka kuyafuata, kuna wanangu wawili wanapiga kelele, kuna spika ya vijana waliokuja na Coaster kutoka Mwanjelwa, Mbeya mjini, kuna Milima ya Livingstone mkono wa kushoto imetumbukia moja kwa moja majini. Yeye anaangalia migomba na nyumba za watu.

Nikamletea soda. Akapokea, akashukuru, akanywa funda moja akaiweka chini, af akaniuliza kwa upole kabisa:

"Haya baba, tumefika. Wenyewe wako wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, hapa hakuna wenyewe, hii ni bichi.

Hakucheka. Akaendelea kuangalia zile nyumba.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, siku mbili baada ya Krismasi. Sa hivi ni Machi na bado nalala na kuamka na lile swali, ndo maana naandika, labda nikishaliandika litaniacha.

## Debe la viazi

Lilianza siku moja kabla, nyumbani kwake Uyole, Mbeya.

Mimi nilikuwa nimejipanga. Kila mwaka namnunulia kitenge, vitenge vimejaa sanduku hata kuvaa havai, nikasema mwaka huu nampeleka sehemu akapumzike. Mama ana miaka 68. Kazaliwa Matamba kule juu Makete, kaolewa Mbeya, na maisha yake yamekuwa viazi, pareto enzi zile, na miaka ya karibuni genge la mboga. Bahari hajawahi kuiona. Ziwa Nyasa nalo hajawahi, na liko kama saa tatu tu toka mlangoni kwake. Ila hilo si lake peke yake, wengi wetu Mbeya tuko hivo, mtu anakesha kwenye basi zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar akapige picha Coco Beach, ale mihogo, arudi atusimulie mwaka mzima, na Matema anaijua kwa jina tu.

"Mama, kesho tunaenda Matema."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tunaenda tu."

"Tunaenda tu." Alilirudia taratibu kama mtu anayeonja mboga kujua kama chumvi imekolea. "Kuna msiba?"

Nikaeleza weee. Ziwa, upepo, kupumzika, watoto wacheze. Akaitikia kila kitu. Nikajua kaelewa. Asubuhi saa 12 nafika kumchukua namkuta mlangoni kavaa kitenge cha kutokea, sweta, kibegi, na pembeni yake debe la viazi limefungwa vizuri na kamba.

Mama, viazi vya nini?

"Mtu haendi kwa watu mikono mitupu."

Sikubishana. Tukaviingiza kwenye buti. Kwa hiyo tulishuka kwenda bichi tukiwa na chapati, maji, mpira, na debe zima la viazi vya mtu ambaye hayupo.

Njia mnaijua. Isyonje ukungu, Kiwira, Tukuyu manyunyu kama kawaida yake, af unaanza kushuka na masikio yanaziba, chai inaisha, migomba inabaki, inaanza michikichi na kakao imeanikwa kwenye majamvi, na joto linakupokea kama umefungua mfuniko wa sufuria. Mbeya tunaishi mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500, yaani unateremka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini kabla ya saa ya chai. Kikusya unakata kushoto, Ipinda, Matema. Njia nzima nilimwambia mama avue sweta. Njia nzima alisema bado.

## Jikoni

Sa turudi pale kwenye kiti.

Mimi nilidhani hapendi. Niliumia kidogo, siwezi kuficha, maana nilikuwa nimeshapiga picha tayari nimeandika "Bi mkubwa akila upepo" nikaweka kwenye WhatsApp na watu wameshaanza kutuma mioyo. Nikasogeza kiti changu nikakaa alivyokaa yeye. Nikaipa kisogo Nyasa nikaangalia alichokuwa anaangalia.

Mama mmoja alitoka kwenye migomba na beseni la vyombo kichwani. Akapita katikati yetu, katikati ya taulo za watu, mpira, chupa za bia, akainama kwenye maji hatua kama 10 kutoka kwa binti yangu, akaanza kusugua sufuria kwa mchanga. Nyuma yake watoto wawili na ndoo, wakaingia mpaka magotini kuyafuata maji yaliyotulia, wakachota, wakarudi. Kumbuka hili ni ziwa, si bahari, maji hayana chumvi, kuna watu hayo ndo wanayapikia. Kijana wa ile Coaster akaruka akaogelea palepale yule mama anasuuza. Yule mama akasogea pembeni kidogo. Hakusema kitu. Alivyosogea unaona kabisa si mara ya kwanza.

Mama akasema, bila kuniangalia:

"Tumekaa jikoni kwa watu, na hodi hatujapiga."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia mama hapa tumelipia. Na kweli tulilipia, tena hela si ndogo, kwa sehemu ambayo sitaitaja jina, bafuni maji hayatoki na ziwa zima liko mlangoni, fikiria, ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 580 na kina karibu mita 700 halafu bombani hamna tone. Ila nimelipia. Mama akaniuliza nimemlipa nani, yule mwenye beseni? Nikasema hapana, wa lodji. Akasema haya.

Mnajua mama akisema "haya" maana yake nini.

Nimelifikiria sana hili. Kwetu mtu anatembea kwa mtu. Unaenda kwa shangazi, kwa mkwe, kwa mgonjwa, kwa rafiki aliyejifungua. Hata ukisema nimekwenda Njombe, swali linalofuata ni kwa nani. Kutalii lilikuwepo kwenye kamusi muda wote, ila masikioni kwa mama ni kazi ya wazungu wenye mabegi mgongoni, ni shughuli ya mtu ambaye hana pa kufikia. Sa mimi nimemchukua mama mwenye ndugu kila kona nimempeleka mahali ambapo hana pa kufikia, nikamkalisha, nikamwambia pumzika.

## Undugu haulipi

Ila msinielewe vibaya, nami nina upande wangu, na siku ile nilikuwa na hasira kidogo.

Kupumzika bila kumjua mtu ni raha. Nyie mnaofanya kazi mjini mnajua. Mimi wiki nzima ni salamu, ni michango, ni vikao vya harusi ya mtu ambaye sijawahi kula naye, wikiendi moja nikikaa sehemu ambayo hakuna anayeniita baba Neema nahisi nimezaliwa upya. Siamini kila safari lazima iwe ya kwenda kusalimia. Zingine ziwe za kukimbia salamu.

Halafu kuna kijana wa mtumbwi. Alitupeleka kuzungukazunguka mpaka kwenye mawe, maji meupe unaona samaki wadogo wa bluu wanapishana kama kwenye tangi la hoteli. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki ambazo hazipo kwingine popote duniani, na hao wadogo huwa wanavuliwa wanauzwa nje watu wafuge sebuleni. Nikamwambia stori ya mama, nikidhani atakuwa upande wa mama. Akacheka akasema:

"Bro, mimi nawapenda wageni hivihivi. Mtu anakuja, analipa, anazunguka, anaondoka. Akianza undugu nitamdai vipi?"

Hilo nalo sina jibu lake.

Niongeze hapa la kichocho maana mtaniuliza kwenye simu. Ndiyo, kipo. Minyoo wake wanakaa kwanza kwenye konokono wadogo, wakitoka wanaelea majini wanatoboa ngozi yako na wewe huna habari. Mzee mmoja mvuvi aliniambia watoto wacheze palipo wazi penye mchanga na mawimbi, kwenye matete na mdomo wa mto wasithubutu. Ni nafuu, si kinga. Upande wa Malawi watafiti wameona kwamba samaki wanaokula konokono wakivuliwa sana, konokono wanaongezeka na ugonjwa nao unapanda, kwa hiyo hata hili ni suala la nani anavua nini. Wanangu waliingia majini. Hospitali niliambiwa nisikimbilie vidonge siku ileile, ile dawa haiwapati minyoo wachanga, nisubiri kama wiki sita. Nilihesabu hizo wiki kama mtu anayedaiwa kodi.

## Saa 7 mchana kiti kiko tupu

Nilitoka kwenye maji nikakuta kiti peke yake na chupa ya soda imejaa nzi.

Mama hayupo.

Lodji hayupo. Chooni hayupo. Mke wangu alikuwa na watoto kule kwenye kivuli, hajamuona. Simu yake inaita ndani ya gari. Nyie, mama wa miaka 68, mgeni, joto la digrii thelathini na ngapi sijui, na ziwa liko palepale. Sitasimulia nilichofikiria. Nilitembea ufukwe wote ule nikiangalia maji, sikuangalia watu, na mpaka leo nikikumbuka hilo linanisumbua, kwamba nilimtafuta mama yangu majini wakati yeye muda wote alikuwa anaangalia nyumba.

Muuza mihogo ndo aliniambia. Bibi mwenye sweta? Kachukua bodaboda kaenda Lyulilo, leo si Jumamosi.

Lyulilo ni kijiji jirani, mwendo mfupi tu kuelekea milimani, na Jumamosi kunakuwa na soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavifinyanga Ikombe, huko nyuma ya kona ya mlima, wanavileta kwa mitumbwi vimepangwa na majani katikati visigongane. Mnavijua, ndo vile vinavyouzwa barabarani Tukuyu mpaka Uyole, vyekundu shingo ina michoro myeupe. Mama amepikia maharage kwenye vyungu hivyo maisha yake yote.

Nilimkuta kakaa chini. Si kwenye kiti, chini kabisa, miguu kainyoosha kwenye mchanga katikati ya vyungu, kibegi kakitupa pembeni.

Sweta kavua.

Pembeni yake mama wa rika lake, wanaongea Kiswahili chenye vipande vya Kinyakyusa alivyojifunzia sokoni, "ndaga fijo" (asante sana) zinaruka, wanacheka kama watu waliosoma darasa moja. Akanitambulisha. "Huyu ndo wangu, yule niliyekwambia." Nikasema shikamoo mama, nikaitikiwa marahaba baba, nikaambiwa kaa. Nikakaa. Nikiwa na kaptula ya kuogelea, imelowa.

Nusu saa ile nilijifunza vitu ambavyo miaka yote napita pale barabarani sijawahi kuuliza. Kwamba hawatumii gurudumu, chungu kinazungushwa kwa mkono taratibu. Kwamba ule ulaini wa nje ni kijiwe cha ziwani, kinasuguliwa mpaka udongo unang'aa. Kwamba vinachomwa nje, kwenye moto wa wazi, na kuna siku unafungua majivu unakuta nusu vimepasuka na hiyo ndo wiki yako imeisha. Mama alikuwa anauliza maswali ya mfanyabiashara. Vinavyopasuka mnafanyia nini? Mtumbwi mnakodi au wenu? Mvua ikinyesha mnachoma wapi?

Kisha akanigeukia. "Kalete viazi."

Debe la viazi limepata mwenyewe. Nilirudi bichi nikalibeba nikaja nalo na bodaboda, nikiwa na kaptula ileile, na yule mama akalipokea kama kitu alichokuwa anakitegemea, akatutilia usipa, dagaa wa Nyasa, kwenye mfuko mpaka mfuko ukakataa kufungika.

Chungu mama alinunua kwa hela. Hapo hakuna undugu, walibishana bei vizuri tu mpaka ikatulia kwenye elfu 6. Mama akatoa noti ya elfu 10. Chenji hamna. Upepo umeanza kunyanyuka, mitumbwi inaitana, wenzake wa Ikombe wanataka kuwahi kabla mawimbi hayajakua. Nikasema hamna shida mama, atanitumia kwenye simu, nikaanza kutaja namba.

Mama akanishika mkono.

"Acha. Nitaichukua nikija."

Nikamwambia mama, elfu 4 atatuma sasa hivi, sekunde tu.

"Ikitumwa si itakuwa imeisha?"

## Wiki saba

Nikarudi kazini. Nikajifanya nimesahau.

Ila kuna usiku nilikuwa nafuta picha kwenye simu imejaa. Nilipiga picha 114 siku ile. Nikazipitia moja moja, maji, milima, watoto, mimi, watoto, jua likizama. Ikatokea ile niliyoweka kwenye WhatsApp, ya mama kwenye kiti. Nikafungua ile yenyewe kabla sijaihariri. Kushoto kabisa yule mama wa beseni yupo, kainama, sufuria mkononi.

Nilimkata.

Sikumbuki nikifikiria kumkata. Nilikuwa nataka picha iwe safi, ndo neno nililokuwa nalo kichwani, safi, na kidole kikafanya kazi yake. Picha 114 na hakuna hata moja yenye uso wa mtu wa Matema. Hata kijana wa mtumbwi nimempata mgongo tu, na kasia.

Najua mtasema nakuza mambo. Inawezekana. Yule mama labda asingependa kupigwa picha akiosha vyombo, hata mimi nisingependa. Ila sikumkata kwa kumstahi. Nilimkata kwa sababu akiwepo, bichi inakuwa kijiji.

## Geti

Februari nikampeleka Hifadhi ya Kitulo. Safari hii nilimuuliza kwanza, akasema ile si ndo njia ya kwetu, twende.

Tulipandia Chimala, zile kona Hamsini na Saba, mama kafumba macho kuanzia ya kwanza mpaka Matamba ila hakutaka nisimame. Hifadhi yenyewe iko huko juu, mita kama 2,600, kilomita za mraba zipatazo 413, ilitangazwa 2005 na inasemwa ndo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya maua. Sisi tunaiita Bustani ya Mungu. Mwezi wa pili mvua imekolea, na ukitoka tu kwenye kona ya mwisho ya kilima unakuta nyasi hazionekani kwa rangi. Sitajaribu kueleza. Mke wangu ambaye huwa anaongea alinyamaza.

Na kuna geti, na malipo, na hela taslimu hawapokei. Kiingilio cha sisi raia si kikubwa. Lakini nilimwangalia mama pale getini, kasimama na sweta lake ambalo sasa liko mahali pake, anasubiri mwanae alipie ruhusa ya kuingia sehemu aliyokuwa anakatiza na mama yake wamebeba mizigo. Nikawa nimeshaandaa hasira. Nikasema hapa sasa mama ataongea, hapa ndo penye wenyewe wanaolipishwa kwao.

"Mama, hapa ni kwa nani?" Nilimchokoza kabisa.

Akafikiria.

"Kwa kondoo," akasema.

Akaeleza. Yeye akiwa msichana mdogo kulikuwa na kondoo wa serikali, wa sufu, shamba kubwa, na ukikatiza unafukuzwa. Baadaye ng'ombe wa maziwa, shamba ambalo mpaka leo lipo pembeni. "Kondoo, ng'ombe, sasa hivi maua. Sisi tulikuwa wa kupita tu." Alisema bila uchungu wowote, hasira yangu nikabaki nayo mkononi sina pa kuiweka.

Kijana wa kutuongoza alikuwa na adabu sana, shikamoo mama, mama pita huku pana utelezi. Akatupa hesabu zake, aina zaidi ya 350 za mimea, okidi peke yake 45. Akatueleza kuhusu kipunji, yule kima ambaye wanasayansi wamemtambua juzijuzi tu, 2003, wakati wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote. Mama alikuwa anasikiliza nusu. Kainama kwenye ua moja la rangi ya zambarau, halishiki, kalizungushia kidole tu chini pale linapoingia ardhini.

"Hili ukichimba unakuta viwili," akasema. "Kimoja kimesinyaa, kimoja kigumu. Kigumu ndo hela."

Kijana akanyamaza.

Wale msiojua, mizizi ya hizi okidi inaliwa Zambia, inaitwa chikanda, inatwangwa na karanga inapikwa mpaka inashika kama mkate, inakatwa vipande. Kule walishamaliza ya kwao wakaja kwetu. Ilichimbwa huku Makete kwa mamilioni, wanunuzi wanakuja mpaka kijijini, mzigo unashuka unaenda Tunduma unavuka. Hiyo ni mojawapo ya sababu za hifadhi kuwepo. Na kile kigumu ndo cha mwaka unaofuata, ukikichukua ua halirudi.

"Tulichimba sana," mama akasema. "Madebe."

"Mama, hilo usiliseme kwa sauti," yule kijana akasema, na wote wawili wakaangua kicheko, mimi nimeganda. Baba alipofariki mama alirudi Matamba miaka kama mitatu hivi, sisi tukabaki Mbeya kwa mamkubwa tunasoma. Sikuwahi kuuliza alikuwa anafanya nini kule. Nilijua analima.

Akanipita akielekea kwenye gari, akanigusa begani.

"Sweta lako la kidato cha kwanza unadhani lilitoka wapi?"

Nilikuwa nalipenda lile sweta. La kijani.

Kwa hiyo geti silijui tena. Lisingekuwepo, yale maua yangeishia Tunduma, au pangekuwa viazi mpaka juu kileleni, na waliochimba si watu wabaya, ni mama. Nilikuwa nimekuja na hasira kwa niaba yake na yeye kanyang'anya ikabidi nishike usukani tu tushuke.

Kitulo sikupiga picha nyingi. Nina moja, mama na yule kijana wa hifadhi, nyuso zote mbili zinaonekana. Aliomba mwenyewe mama.

## Elfu 4

Juzi kanipigia simu. Mama huwa hapigi, anabipu, kwa hiyo nikajua ni jambo.

Kumbe yule mama wa Ikombe kamtumia salamu kwa dereva wa Noah anayepita Uyole na mzigo wa mchele. Kasema vile viazi kapanda baadhi huko mlimani kwao, vimeota, anataka kujua kama ndo vilevile vya kupanda Matamba au vya kula tu. Na kasema chenji ya watu anayo.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo Jumamosi tunashuka Matema."

Nikapiga hesabu ya mafuta kwenda na kurudi, nikailinganisha na elfu 4, nikanyamaza.

"Na utafute gunia," akasema. "Debe halitoshi, safari hii kuna na yule mwenye beseni."